Mwendawazimu na Jema na Baya: Tumsome Upya Kinjeketile

Kila mwaka tunaposoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, swali moja hujitokeza darasani hata kabla hatujafika katikati ya kitabu: huyu Kinjeketile ni mtu wa namna gani? Wapo wanaosema ni nabii. Wapo wanaosema ni tapeli. Na wapo wanaosema ni mwendawazimu. Makundi mawili ya kwanza hubishana kwa muda mrefu, kwa sababu anayedai unabii hutakiwa aonyeshe dalili zake, na anayedai utapeli hutakiwa aonyeshe faida aliyoipata huyo tapeli. Kundi la tatu halibishani. Likishasema "alikuwa na wazimu", mjadala umekwisha. Katika majibu ya mitihani nimeikuta hoja hiyo kwa sura nyingi: Kinjeketile hawezi kulaumiwa wala kusifiwa kwa kuwa hakuwa na akili timamu.

Nia ya makala haya ni kuipinga hoja hiyo. Sitajaribu kuthibitisha kwamba Kinjeketile alikuwa mzima wa akili. Tamthilia yenyewe haitupi jibu, na nadhani mwandishi hakukusudia kutupa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hata tukikubali kuwa sauti aliyoisikia ilitoka katika akili iliyougua, bado tutakuwa hatujasema lolote kuhusu uwezo wake wa kupambanua jema na baya. Hayo ni mambo mawili. Anayeyachanganya humnyang'anya mhusika lawama na sifa kwa pamoja, na akitoka darasani huenda akamtendea jirani yake vivyo hivyo.

Mtu wa historia na mtu wa jukwaani

Wasomaji wengi wanaijua historia, lakini ni vyema tuikumbuke kwa ufupi. Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo, wakati nchi ikitawaliwa na Wajerumani. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba mnamo 1904 pepo alimchukua akamwingiza ndani ya maji, jamaa zake wakadhani amekufa, na kesho yake akatoka salama, nguo zake zikiwa kavu. Akaanza kuwagawia watu dawa ya maji, ikasemwa kwamba kwa dawa hiyo risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Mnamo Julai 1905 vita vilianza katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Kinjeketile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani walikadiria kwamba waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wa baadaye wameipandisha idadi hiyo hadi 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa.

Tamthilia ya Hussein ilichapishwa mwaka 1969. Mwandishi alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si nakala ya yule wa historia. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ya wakati. Yule wa historia alikwisha kunyongwa kabla ya shambulio la Mahenge la tarehe 30 Agosti 1905. Yule wa jukwaani anaishi hadi baada ya Mahenge, anawaona watu wake wakirudi wameshindwa, kisha anatiwa nguvuni.

Kwa nini mwandishi amrefushie maisha? Wahakiki wanaweza kutoa sababu za muundo: tamthilia inahitaji kilele, na kilele kinamhitaji mhusika mkuu. Mimi naona sababu nyingine pia. Hussein alimhitaji mtu aliyesikia sauti, akapata muda wa kutafakari juu ya sauti hiyo. Yule wa historia hakupewa muda huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tamthilia haihusu maono ya mtoni, bali yale anayoyafanya mtu baada ya kuona maono.

Maneno yetu wenyewe

Kabla ya kuingia ndani ya kitabu, sisi walimu wa lugha tuyatazame kwanza maneno tunayoyatumia, kwa sababu nadhani nusu ya tatizo iko hapo.

Angalia jinsi Kiswahili kinavyomweleza mtu aliyeugua akili. Tunasema amepatwa na wazimu, amepandwa na mashetani, amepagawa na pepo, amerukwa na akili, amechanganyikiwa. Karibu vitenzi vyote vimenyambuliwa katika kauli ya kutendwa. Mtu huyu hatendi, anatendwa. Kuna kitu kilichompata, kilichompanda au kilichomruka. Neno wazimu lenyewe linaonyesha undugu na mzimu, na majununi tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mtu aliyeingiwa na jini. Sarufi na asili ya maneno vinatuambia jambo lile lile: mwenye nyumba ameondoka, aliyemo ndani ni mgeni.

Wanafunzi wetu hapa Uganda, ambao kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, huja na maneno yao. Anayezungumza Luganda ana neno lake omulalu, naye hutafuta linalolingana nalo, akaandika "kichaa". Hapo ndipo shida inapozidi, kwa sababu kichaa katika mazungumzo ya kila siku ni tusi kuliko ilivyo jina la ugonjwa. Hata majina ya hospitali hayakusalimika. Hapa mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia aende Butabika, Tanzania huambiwa aende Mirembe, Kenya huambiwa Mathari. Katika nchi tatu, hospitali za kuponya watu zimegeuzwa kuwa maneno ya kuwafukuzia watu.

Mwanafunzi aliyelelewa na maneno haya akifika kwenye mto wa Hussein, akamwona mtu anavutwa na nguvu isiyoonekana, hukumu anayo tayari mdomoni. Hahitaji kusoma kurasa zinazofuata.

Yaliyo kweli kuhusu ugonjwa wenyewe ni tofauti. Madaktari hutumia neno saikosisi kwa hali ambayo mtu hupoteza mshiko wa uhalisi kwa muda fulani. Huenda akasikia au akaona visivyokuwapo, mambo ambayo Kiswahili huyaita maruerue. Huenda pia akashikilia imani isiyo na msingi ambayo hakuna hoja inayoweza kuitikisa, kwa mfano kwamba majirani wanamfuatilia ili wamwue. Skizofrenia, ambayo ni mojawapo tu ya magonjwa yanayoleta hali hiyo, inawapata watu zaidi ya milioni 20 duniani. Wengi wao hawamdhuru mtu yeyote, na wenyewe hudhulumiwa na kupigwa na wengine mara nyingi kuliko wao wanavyowadhuru wengine. Wapo wanaosikia sauti zikiwaamuru kutenda ubaya, nao wakazikatalia miaka nenda miaka rudi. Kuzikatalia huko ni kazi ya dhamiri. Kama dhamiri ingekuwa imekufa, nani angekataa?

Niliwahi kuelezwa jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote kilivyonieleza. Mwanafunzi mmoja aliyekaa kimya katika mjadala wa aina ninayoieleza hapa alinifuata baadaye ofisini. Alisema, "Mwalimu, kaka yangu anasikia sauti. Akiwa vibaya anaamini chakula cha nyumbani kimetiwa sumu. Lakini mama akitaka kukionja mbele yake ili amtoe wasiwasi, kaka humpokonya sahani. Hataki mama afe." Sikuwa na la kuongeza. Imani ya kijana yule ilikuwa ya uongo mtupu. Upendo na wajibu wake kwa mama yake vilikuwa kweli tupu. Vyote viwili vilikaa katika kichwa kimoja, kwenye sahani moja.

Sauti na uamuzi

Sasa turudi kwenye tamthilia. Mwanzoni tunaonyeshwa hali ya nchi: njaa, kazi za kulazimishwa, viboko, wanawake wasio na usalama. Tunaonyeshwa pia makabila yasiyoaminiana hata mbele ya adui mmoja. Kinjeketile amejitenga na watu, na mkewe ana wasiwasi naye. Mtu anayetafuta dalili za ugonjwa atazipata hapa, nami simzuii. Kisha linakuja tukio la mtoni. Pepo Hongo anamchukua, anapotea majini, anarudi na dawa ya maji pamoja na ujumbe wa umoja. Katika hali ile ya kupagawa anatamka pia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja.

Hapa ndipo tamthilia inapogeuka. Umati unashangilia, kwani umesikia habari ya umoja na ya risasi kugeuka maji, na hayo yanautosha. Kinjeketile, fahamu zinapomrudia, ndiye anayeyasikiliza maneno yote, pamoja na lile la Seyyid Said. Anaona kwamba hayapatani. Tutamwondoa Mjerumani ili tuwe watoto wa Sultani? Huo utakuwa uhuru gani? Tangu hapo anaanza kujiuliza kama sauti ile ilikuwa ya Hongo kweli au ilitoka ndani yake mwenyewe, na kama ametumwa au amelaghaiwa.

Naomba tutambue ni kipimo gani anachokitumia. Hana kipimo cha kitabibu, wala hana mtu wa kumthibitishia kwamba pepo alikuwapo. Anaipima sauti kwa haki. Ujumbe wa kweli, kwa maoni yake, haungewatoa watu wake utumwani na kuwarudisha utumwani. Kwa maneno mengine, uwezo wake wa kupambanua jema na baya ndio unaompa shaka kuhusu maono yake. Wanafunzi wetu hudhani kwamba akili ikiyumba, maadili huyumba nayo. Katika tamthilia hii maadili ndiyo yanayojaribu kuisimamisha akili.

Linganisha na hao walio wazima. Wanaume wanaotaka vita vianze mara moja hawajasikia sauti yoyote, hawakuzama mtoni, wala hakuna anayewaita wendawazimu. Lakini hao ndio wasiouliza. Kinjeketile anapotaka wasubiri na wajiandae, subira yake wanaiona kuwa udhaifu, na vita vinaanza bila yeye kutaka vianze. Imani yao katika maji ni thabiti kuliko imani ya aliyeyaleta. Tukiwa na haja ya kumtafuta katika kitabu hiki mtu ambaye hakuna hoja inayoweza kuitikisa imani yake, tusimtafute mtoni, tumtafute katika umati.

Lakini sitaki kumfanya Kinjeketile mtakatifu, maana hilo nalo litakuwa kumsamehe bila kumsoma. Analo kosa, na kosa hilo ni kubwa. Shaka yake anamfunulia Kitunda, kiongozi wake wa kijeshi, lakini hawafunulii wale watakaosimama mbele ya bunduki za rashasha wakiwa wamepakwa maji. Anajitetea kwa fikra kwamba neno likishazaliwa hukua likampita aliyelizaa, na kwamba neno hili limewaunganisha watu ambao hakuna aliyewahi kuwaunganisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimwondolei deni. Kuna mama aliyefiwa na mwana huko Mahenge ambaye angekuwa na haki ya kumwuliza: ulipoanza kushuku, mbona hukuniambia?

Swali hilo lina maana endapo tu tunakubali kwamba Kinjeketile alikuwa na uwezo wa kujibu. Tukisema alikuwa na wazimu tukaishia hapo, mama yule hana wa kumwuliza.

Jambi la Makbeth

Mfano wa pili hauko mbali nasi. Makbeth ya Shakespeare ilitafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1968, mwaka mmoja tu kabla ya Kinjeketile, na walimu wengi huzisoma kazi hizi mbili bila kuziweka pamoja. Ziwekwe pamoja.

Makbeth naye anaona yasiyokuwapo. Usiku wa kumwua Mfalme Duncan anaona jambia likining'inia hewani mbele yake. Anajaribu kulishika, halishikiki. Anajiuliza, kama Kinjeketile anavyojiuliza, iwapo kitu hicho kipo au kimetokana na kichwa chenye homa. Kabla ya hapo amekwisha kuzipanga mwenyewe sababu zote za kutoua: Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, ni mgeni katika nyumba yake, tena ni mtawala mwema. Hakuna mwalimu wa maadili ambaye angezipanga vizuri zaidi. Kisha anaingia chumbani, anaua.

Tunao basi watu wawili wenye maono, na wote wawili wanayashuku maono yao. Mmoja anaitumia shaka hiyo kuyapinga mambo yanayomhofisha, na mwingine anaiweka kando ili atende analojua ni ovu. Kilichowatenganisha hakiwezi kuwa maruerue, maana wote wanayo. Kilichowatenganisha ni uamuzi.

Na tumtazame mke wa Makbeth. Alipokuwa na akili timamu alimcheka mumewe kwa woga na kusema maji kidogo yatauondoa uchafu wote. Anapougua, anatembea usingizini akiisugua mikono isiyotakata. Ni katika ugonjwa ndipo dhamiri yake inapata sauti. Anayeamini kwamba akili ikiharibika maadili hufutika atapata shida kubwa kuueleza mkono ule unaosuguliwa.

Sheria nayo ilikutana na swali hili

Mwanafunzi anaweza kusema kwamba hizi ni hila za fasihi, na kwamba mahakamani mwendawazimu hana hatia. Ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki inaunga mkono hoja yetu.

Mnamo Januari 1843 mjini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye akafa siku chache baadaye. M'Naghten aliamini kwamba watu wa chama tawala walikuwa wakimwandama popote aendapo. Mahakama ikamwachilia kwa sababu ya wazimu, akazuiliwa hospitalini hadi kifo chake mwaka 1865. Hukumu hiyo ilileta ghadhabu, majaji wakatakiwa na Bunge waeleze sheria ni ipi. Majibu yao yakasafiri na utawala wa Waingereza hadi kwetu, na sheria za adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania zote zina kifungu kinachotokana nayo.

Kifungu hicho hakisemi kwamba mgonjwa wa akili hana hatia. Kinauliza maswali mawili: je, ugonjwa ulimfanya asielewe alichokuwa akikitenda? Na kama alielewa, je, ulimfanya asijue kwamba hakupaswa kukitenda? Kama jibu la yote mawili ni hapana, ugonjwa peke yake haumwondolei wajibu. Sheria imekataa kufanya yale tunayoyafanya darasani, yaani kulitaja jina la ugonjwa na kufunga faili.

Majaji wale walisema jambo jingine ambalo wataalamu wa tiba wamelikosoa sana, lakini linamfaa mhakiki. Walisema kwamba mwenye imani potofu, kama sehemu nyingine za akili yake ni salama, apimwe kana kwamba anayoyaamini ni kweli. Aliyeamini kwamba mtu anataka kumwua papo hapo, akajitetea, apimwe kama aliyejitetea. Aliyeamini kwamba mtu amemharibia jina, akamwua kwa kisasi, hana udhuru, kwa sababu hata kama angeharibiwa jina kweli, kisasi hicho kisingekuwa halali. Ni kipimo kigumu kwa mgonjwa halisi, ambaye imani yake potofu haikai peke yake chumbani bali hutikisa nyumba nzima. Kwa mhusika wa fasihi, hata hivyo, ni mlango mzuri: mpime ndani ya dunia anayoiona yeye.

Tumpime Kinjeketile hivyo. Katika dunia ambamo Hongo amesema kweli, kuwagawia watu maji ni ukarimu, na kuwaunganisha ni wajibu. Hapo hana kosa, hata kama kwetu Hongo hayupo. Mambo yanabadilika pale anapoanza kushuku. Tangu siku hiyo, katika dunia yake mwenyewe, maji yanaweza kuwa maji tu, na ukimya wake unakuwa na bei. Kipimo hiki kinatuwezesha kusema ni lini hasa alianza kukosea, jambo ambalo neno "wazimu" haliwezi kutusaidia kulisema.

Je, tunaidhalilisha imani?

Kuna pingamizi lililo zito zaidi ya hayo, na limetolewa darasani na wanafunzi wanaoheshimu mila: kuliingiza neno ugonjwa katika kisa cha Hongo ni kuvaa koti la daktari wa Kizungu na kuwaita wazee wetu wagonjwa. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu. Kupagawa ni tajiriba yenye taratibu na heshima zake katika jamii nyingi za kwetu, na mtu anayepagawa kwa utaratibu wa jamii yake hahesabiwi kuwa mgonjwa hata na madaktari makini.

Lakini angalia kwamba hoja ya makala haya haitegemei jibu la swali hilo. Mwite daktari, atasema maruerue. Mwite mganga, atasema pepo. Wote wawili wataeleza ujumbe ulikotoka. Hakuna hata mmoja wao atakayekuwa ameeleza mtu aliyeupokea aufanyie nini. Hata nabii wa kweli hulazimika kuamua aseme lini, kwa nani, na kwa gharama ya nani. Hilo ni swali la maadili, na linabaki pale pale, koti livaliwe au lisivaliwe.

Kataa la gerezani

Mwisho wa tamthilia unajulikana. Kinjeketile yuko kifungoni, na Mjerumani anataka jambo dogo tu: aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki mwenye busara, aliyeona watu wakifa, anamsihi akubali. Na tukumbuke kwamba Kinjeketile mwenyewe haamini tena maji yale kama alivyoyaamini zamani. Kusema ni uongo kusingekuwa mbali na yale anayoyashuku rohoni. Hata hivyo anakataa.

Wanafunzi wanaomwita mwendawazimu huitumia sehemu hii kama ushahidi wa mwisho: nani mwenye akili angekataa kuokoa maisha yake kwa neno moja? Mimi naisoma kinyume. Anakataa kwa sababu amefikiri neno hilo litatumiwa vipi. Mjerumani hataki ukweli kuhusu maji. Anataka watoto na wajukuu waambiwe kwamba waliopigana walikosea kupigana. Kinjeketile ametenganisha mambo mawili ambayo adui anataka yachanganywe: maji yanaweza kuwa ya uongo, lakini madai ya watu ya kuwa huru si uongo.

Mtu aliyeweza kutenganisha mambo hayo akiwa amefungwa na kupigwa, huku akijua kwamba kichwa chake mwenyewe kiliwahi kumhadaa, hawezi kuelezwa kwa neno "kichaa". Unaweza kusema alikosea. Unaweza kusema alipaswa kuwaambia watu ukweli wote kabla ya Mahenge, na kwamba kataa la gerezani lilikuja kwa kuchelewa. Nami niko karibu na maoni hayo. Lakini hapo utakuwa unamhukumu kama mtu, na hilo ndilo ninalolitetea.

Tufanye nini darasani

Kwa walimu wenzangu nina mapendekezo matatu ya kawaida tu.

Kwanza, swali la "nabii, tapeli au mwendawazimu" tusiliondoe, ila tusiliache liwe la mwisho. Mwanafunzi akishachagua jibu lake, aulizwe: kwa jibu hilo, Kinjeketile alipaswa kufanya nini alipoanza kushuku? Nimeona kwamba makundi yote matatu hulazimika kurudi kitabuni ili kujibu.

Pili, zoezi la sarufi. Wanafunzi waorodheshe vitenzi ambavyo Kinjeketile ni mtenda na vile ambavyo ni mtendwa, sehemu ya kwanza na ya pili ya tamthilia. Mtoni anavutwa, anachukuliwa, anapandwa. Baadaye anauliza, anasita, ananyamaza, anakataa. Mnyambuliko wa vitenzi, ambao wanafunzi hulalamika kwamba ni somo kavu, utawaonyesha mtu akirudi katika nyumba yake mwenyewe.

Tatu, tuwe waangalifu na msamiati wa uhakiki wetu. "Mgonjwa wa akili" si sifa ya mhusika kama vile mchoyo au mwoga. Uganda ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2018 kuchukua nafasi ya ile ya 1964, na sheria ikibadilika bila lugha ya darasani kubadilika, mabadiliko yatabaki kwenye makaratasi. Katika darasa la watu hamsini ni rahisi sana kuwapo mmoja ambaye kaka yake, mama yake au yeye mwenyewe amewahi kusikia sauti. Mwanafunzi huyo anasikiliza tunavyomhukumu Kinjeketile, na anajua kwamba hatumzungumzii Kinjeketile peke yake.